Ng'ombe wa Kumzuia Margwe

Jumatatu, 5 Februari 1996

Nimepata kazi. Mimi, Fabiola, ambaye hata kanisani huimba kwa kuchezesha midomo tu.

Ilikuwa hivi. Mjomba Basili ana mashine ya kusaga hapa Endasak. Mashine ni nzima, alisema, ila watu ndio wanaoharibika. Mpakuzi alikimbilia kuuza mitumba mnadani Katesh. Mlinzi akaenda machimboni Mererani. Wa kukoboa aliondoka mchana, mkanda ukiwa bado unazunguka, hata kuaga hakuaga. Wamebaki wawili: mzee Margwe wa injini na dada Tekla wa mizani. Na mzee Margwe ndiye peke yake anayejua kuiwasha ile injini. Wengine inawapiga.

Mjomba alisema kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne, nimesoma biashara, na matokeo bado, basi nikae pale nizuie watu wasiondoke. Nikauliza cheo changu. Akasema nijiite nitakavyo. Nimejiita Afisa Utumishi. Nikaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikabandika mlangoni kwa uji. Jioni mbuzi walikuwa wameila. Ni kwa sababu ya uji, si dharau.

Tumekubaliana. Pasaka ikifika mzee Margwe yupo, mjomba ananipeleka Babati kusomea kupiga chapa. Akiwa ameondoka, narudi Mogitu kulima na bibi. Nampenda bibi. Jembe lake ndilo silipendi.

Nimeanza kwa kutafuta chanzo cha tatizo, kama tulivyofundishwa. Chanzo ni kwamba bei zinapanda na mshahara umekaa. Mzee Margwe alisema mshahara wake ni chumvi iliyowekwa mfukoni siku ya mvua: ukifika dukani unabaki na mfuko wenye unyevu. Nikawapa habari njema niliyoisikia redioni, kwamba mfumuko wa bei sasa unapungua kasi. Dada Tekla akaniomba nirudie, hakusikia. Nikarudia. Akasema ameelewa: mwizi aliyekuwa anakimbia na kuku wako sasa anatembea. Lakini kuku bado anaye.

Nikaenda kufagia.


Jumatano, 7 Februari

Mpango wa kwanza. Mwalimu wetu wa biashara alisema binadamu hafanyi kazi kwa fedha tu, anataka kutambuliwa. Na kutambua mtu hakumgharimu mjomba chochote. Mjomba alifurahi sana kusikia hilo.

Kwa hiyo leo asubuhi nimegawa vyeo. Mzee Margwe: Mkuu wa Idara ya Injini. Dada Tekla: Meneja wa Mizani. Nilikuwa nimepanga kutoa hotuba fupi. Nilipofungua mdomo, mzee Margwe akawasha injini, na hotuba nzima nikaitoa bila mtu kuisikia. Kwa kweli ndiyo hotuba yangu bora hadi sasa.

Hadi saa nne walikuwa wamepokea vyeo vizuri. Kisha unga ukamwagika. Nikamwomba dada Tekla afagie kama kawaida. Akaniuliza kwa upole kama nimewahi kumwona meneja na ufagio. Sijawahi. Mzee Margwe naye akauliza idara yake ina watu wangapi, maana mkuu lazima awe na anaowaongoza. Nikasema kwa sasa yupo yeye. Akasema basi anamtuma mkuu wa idara akapumzike, akakaa kwenye gunia.

Nimefagia. Nimebeba maji ya kupoza injini. Nimepakua unga wa wateja hadi nyusi zikawa nyeupe. Mama mmoja alinisalimia shikamoo, akidhani mimi ni mtu mzima mwenye mvi.


Jumamosi, 10 Februari

Vyeo vimefutwa. Mpango wa pili ni wa kisayansi zaidi. Kama fedha inayeyuka, tuwalipe kwa kitu kisichoyeyuka. Mahindi! Bei ya mahindi ikipanda, mshahara nao unapanda, bila mjomba kuguswa. Nilijiona nina akili hadi nikakosa usingizi.

Leo nikamkabidhi kila mmoja mahindi yake. Mzee Margwe aliliangalia gunia muda mrefu. Akasema mahindi ameyalima yeye, anayasaga yeye, na sasa analipwa mahindi. Akauliza kama akifa tutamzika ndani ya gunia. Dada Tekla alicheka hadi akashika mizani, na mizani ikaonyesha uzito wa kicheko.

Yeye dada Tekla hakulalamika. Aliyasaga palepale, akaweka meza nje ya mlango wetu, akaanza kuuza unga kwa bei ya chini kuliko ya mjomba. Wateja wote wakahamia mezani kwake. Mjomba alipotoka mlangoni akakuta msururu mrefu. Alifurahi mpaka alipogundua unaelekea wapi.

Ameniita nyuma ya jengo. Alisema Pasaka si mbali. Mjomba akisema kidogo ndipo ninapoogopa.


Jumanne, 13 Februari

Balaa. Hilary amemfuata mzee Margwe.

Hilary ana mashine mpya upande wa pili wa barabara. Anavaa kofia nyeupe ambayo haishiki unga, sijui anafanyaje. Dada Tekla amesikia kwamba Hilary anamwahidi mzee Margwe kumwongeza mshahara kila bei zikipanda. Mzee Margwe hajakubali. Lakini pia hajakataa, na jana alionekana akiitazama mashine ya Hilary jinsi watu wanavyotazama ndama wa jirani.

Nikaamua kupeleleza. Nilijitanda kanga hadi machoni, nikachukua mahindi kwenye ndoo, nikaenda kwa Hilary kama mteja wa kawaida. Akasema, karibu Fabiola, mjomba hajambo?

Hapo ningeondoka. Lakini nikianza kuona aibu siwezi kuondoka, huwa najibu maswali. Akauliza kazi inaendaje, nikajibu. Akauliza mzee Margwe ana shida gani, nikajibu. Akauliza mzee anapenda nini hasa, nikasema anapenda ng'ombe kuliko kitu chochote, alipoteza wake wengi mwaka wa ukame na huwa anawataja majina wakati injini inapoa. Hilary alinisagia bure, akanifungia unga vizuri, akanishukuru kwa ushirikiano. Nikamshukuru pia.

Nimefika nyumbani ndipo nikaelewa nilichofanya. Dada Tekla amesema wasaliti wengine hadi wapewe rushwa. Mimi nahitaji kusalimiwa tu.

Jioni habari zikafika: Hilary amemwahidi mzee Margwe mbuzi.


Alhamisi, 15 Februari

Kama yeye ana mbuzi, mimi nina ng'ombe. Yaani bibi anaye.

Mpango huu sikuutoa kwenye daftari la biashara. Ni desturi ya kwetu. Mwenye ng'ombe humpa mwenzake mmoja amtunze. Mtunzaji anakunywa maziwa na kutumia samadi, ndama ni wa mwenyewe, na siku nyingi zikipita mtunzaji anapata mtamba wake. Ng'ombe hayeyuki. Redio haiwezi kumpandisha wala kumshusha. Na mtu aliyepewa ng'ombe na watu wa nyumba yako hawezi kukukimbia, ni aibu kubwa. Nimeshangaa kwa nini wataalamu wa uchumi hawajaliona hili.

Nikaenda Mogitu kwa bibi Konsolata, mama yake mjomba. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa, nikaongea nikiutazama ukuta kwa sababu macho ya bibi yananichanganya. Nilimwomba ng'ombe wake, Madoa. Nilimchagua Madoa makusudi kwa sababu ana mimba kubwa. Motisha juu ya motisha.

Bibi aliendelea kuchambua maharage. Kisha akasema Margwe ni mtu mwema na kwao Dirma majani ni mazuri. Akakubali. Akaongeza maneno mengi: kwamba ukimpa mtu ng'ombe hujamwajiri, umefanya undugu, na kwamba ng'ombe wa kupewa akizaa, mtunzaji hamwachi, ana... Nilikuwa nimeacha kusikiliza. Nilikuwa natunga sentensi ya kumwambia mjomba, na sentensi yenyewe ilikuwa na neno "mkakati".

Nimerudi kwa miguu, sikuuhisi hata mlima.


Jumapili, 18 Februari

Imefanyika. Baada ya misa tulikutana kwa bibi. Mjomba alikuja na shati la Krismasi. Bibi alimpaka Madoa siagi mgongoni na kumkabidhi mzee Margwe fimbo.

Mzee Margwe alimzunguka Madoa, akamgusa tumbo, akamgusa masikio, kisha akamwamkia bibi shikamoo mara ya pili, kwa sauti tofauti. Kwa mjomba akatikisa kichwa tu. Hilo sikulielewa. Nililiona lakini sikulielewa.

Akaondoka na Madoa kuelekea Dirma, akitembea nyuma yake taratibu kama mtu anayemsindikiza mkwe. Alisema keshokutwa atakuwa kazini.


Jumatano, 21 Februari

Jumatano ya Majivu. Padri ametuambia sisi ni mavumbi. Mimi nilijitahidi kuwa na huzuni lakini sikuweza, kwa sababu mambo ni mazuri mno.

Mzee Margwe amemwachia mkewe Madoa, analala hapa Endasak siku za kazi, na anafika mashineni kabla ya jua. Anaimba injini ikinguruma. Amempelekea Hilary jibu, tena mbele ya wateja: mbuzi amle mwenyewe, yeye ana ng'ombe wa watu kwake. Hilary alivua ile kofia.

Mjomba ameuliza nauli ya Babati, tena mbele yangu. Ninaiona ile mashine ya kupigia chapa. Mtu anayepiga chapa haongei na mtu. Maneno yote yanatoka vidoleni. Sijui kazi nyingine iliyoumbwa kwa ajili yangu zaidi ya hiyo.

Doa dogo tu. Dada Tekla ameuliza kama mzee Margwe kapewa ng'ombe, yeye anapewa nini, yule kuku wa mwizi? Nimemwambia suala lake linashughulikiwa. Ni maneno mazuri sana hayo. Hayana mwisho.


Jumatatu, 26 Februari

Mzee Margwe hajaja.

Wateja walikuwa tayari nje, na punda wao. Saa mbili hajaja. Saa tatu akapita mtu kutoka Dirma, akaleta salamu: Madoa amezaa jana, ndama jike, mwenye doa la mama yake. Mzee Margwe anamsalimia bibi. Anasema atakuja ndama akipata nguvu.

Mjomba akauliza kama hakuna salamu zake. Mtu yule akafikiri, akasema hapana, ni za bibi tu.

Mjomba akanigeukia. Nikatazama unga.

Akasema injini ni chuma tu, haitamshinda. Akavua koti, akashika hendeli ya kuwashia, akazungusha. Injini ikakohoa, ikarudisha hendeli kwa nguvu, na mjomba akakaa chini bila kupenda, katikati ya pumba. Punda mmoja alilia. Hakuna mwanadamu aliyethubutu.

Hadi saa tano wateja wote walikuwa kwa Hilary. Aliwapokea na kofia yake. Dada Tekla alikaa kwenye mizani yetu, miguu inaning'inia, akasema Afisa, hongera. Umetafuta ng'ombe wa kumfunga Margwe hapa. Sasa ng'ombe ndiye kamwajiri Margwe, na sisi ndio tumeachishwa.


Jumanne, 27 Februari

Mjomba amekwenda kwa bibi amwombe amwamuru mzee Margwe arudi. Amerudi uso umemshuka. Bibi amemwambia mtunzaji hasumbuliwi ng'ombe wake akizaa, fisi wakisikia harufu ya ndama hawasubiri Pasaka. Amesema pia kwamba yote haya alimweleza Fabiola, akichambua maharage.

Mjomba akaniuliza kama ni kweli. Nikasema huenda alisema kitu.

Amesema niende Dirma nikamlete mzee Margwe mwenyewe. Nisipokuja naye, jembe lipo. Nimeuliza kama naweza kuandika barua badala ya kwenda. Alinitazama tu.

Usiku nimefanya mazoezi mbele ya ukuta. "Mzee Margwe, naomba urudi kazini." Ukuta ulinielewa vizuri.


Alhamisi, 29 Februari

Nimefika Dirma. Nilipanda lori la chumvi hadi lilipoishia, kisha nikatembea uwanda mzima na jua. Nilikuwa narudia sentensi yangu kila hatua.

Mzee Margwe alikuwa amekaa mlangoni pa zizi, ndama miguuni pake akimlamba kidole. Sijawahi kumwona mtu ametulia namna ile. Pale mashineni huwa anafumba jicho moja kwa ajili ya moshi. Kumbe ana mawili mazuri.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Nikanywa. Akaniletea mengine. Mtu hawezi kumwambia mwenzake arudi kazini huku anakunywa maziwa yake, hasa maziwa ya bibi yako. Nilipomaliza nikasema sentensi yangu yote kwa pumzi moja.

Hakukasirika. Alinieleza kama mtu anayemwonyesha mtoto njia. Alisema mke wake kaenda kwao Mbulu kujifungua. Watoto ni wadogo, fisi wapo. Alisema mshahara ni wa mwezi, mtu akiukosa anaupata mwezi ujao, ingawa umekonda. Lakini ng'ombe wa watu akifia mikononi mwako, unabeba ngozi yake na kuipeleka kwa mwenyewe, na macho ya mwenyewe unayabeba maisha yako yote. Mjomba wako ananidai kazi, alisema. Bibi yako nimemwahidi roho.

Nikasema, kwa hiyo haiwezekani kabisa. Nadhani sauti yangu ilipasuka kidogo. Nilikuwa nimeiona Babati inakwenda zake.

Akanihurumia. Akasema njia ipo moja. Mtunzaji anaweza kuondoka kama nyumba ya mwenye ng'ombe ikileta mtu wake akae hapo. Mtu wa damu. Nikasema vizuri sana, nitamwambia mjomba atafute mtu. Akaendelea kunitazama. Ndama naye akanitazama.

Nimeshaandika kuhusu aibu yangu. Nikianza kuona aibu siwezi kuondoka.

Mzee Margwe alinionyesha mahali pa kuni, akaniachia watoto, fimbo na mbwa, akaniambia Madoa hapendi kukamuliwa kutoka kushoto. Kisha akashika njia ya Endasak huku anaimba.


Jumapili, 3 Machi

Mtu amepita na habari kutoka nyumbani. Mashine inanguruma. Wateja wamerudi, hata wa Hilary. Mzee Margwe amemwambia mjomba atakaa hadi Pasaka na baada ya Pasaka, mradi Fabiola yuko Dirma. Bibi ameridhika. Dada Tekla amefungua tena meza yake ya unga, safari hii kwa ruhusa, na ananitumia salamu. Anasema yule kuku amempata.

Mjomba naye ametuma neno. Yeye ni mtu wa ahadi. Pasaka ikifika mzee Margwe yupo, nauli ya Babati ipo. Ila anauliza, nikienda Babati, Dirma atabaki nani? Maana nikitoka hapa mzee Margwe anarudi hapa, na mzee Margwe akirudi hapa hayupo pale, na asipokuwepo pale hakuna Babati. Nimelizungusha hilo kichwani tangu asubuhi, na kila nikizungusha, linarudisha hendeli.

Nimenaswa na mpango wangu mwenyewe. Kwa upande wa utumishi ni ushindi kamili: hakuna aliyeacha kazi. Nimebaki mimi tu, na mimi ndiye ninayetaka kuacha.

Madoa amenipiga teke, nilisahau upande wa kushoto. Watoto wa mzee Margwe walicheka. Fisi alilia mbali. Nikaimba wimbo wa kanisani ili kumtisha, tena kwa sauti, na mbwa akaondoka.

Lakini jioni hii nimepata wazo. Hapa jirani yupo mzee Hhando. Ni mpole, anajua ng'ombe, yuko peke yake na zizi lake lina mbigili tu. Anaweza kunishikia Madoa hata mwaka mzima, na nikimwombea kwa bibi, bibi atamkubali kama mtu wa nyumba. Anachokosa ni kitu kidogo cha kumfanya asiondoke.

Bibi bado ana yule ng'ombe mweupe. Nimemkumbuka vizuri. Ana mimba.